Chai Ishirini na Sita za Bi Zamda

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujaifikia safu yangu, nakupa habari kwa ufupi. Usinionee huruma mapema. Mengi nilijitakia.

Jina langu Idarous. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Thika. Naishi Ngoingwa na mke wangu Nadira, fundi wa nguo mwenye duka lake Kimbo, kule Ruiru. Binti yetu Safaa yuko bweni. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika riwaya, *Kiti cha Mzee Sadala*, na mwaka huu mchapishaji mmoja akaikubali nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa mikononi mwa mhariri wake, Rachael. Alichapa mswada wote kwenye karatasi, akaujaza wino mwekundu, akaniuliza autume wapi.

Nikamwambia autume dukani kwa mke wangu, kwa kuwa mimi niko darasani. Haikunipitia akilini kwamba Nadira angeifungua bahasha. Katika riwaya yangu, mke wa Mzee Sadala anaitwa Bi Zamda, na Bi Zamda hafungui bahasha za watu.

Nadira aliifungua. Alisoma kurasa mia mbili na kumi akiwa amekaa kwenye cherehani yake, na wateja wakaambiwa warudi kesho. Juu ya karatasi ya kwanza Rachael alikuwa ameandika: "Mwalimu, huyu Bi Zamda ako na mdomo kweli? Nimehesabu. Analeta chai mara ishirini na sita. Neno hajasema hata moja."

Jioni ile mke wangu akaja nyumbani, akauweka mswada mezani mbele yangu, akaingia jikoni, akaniletea chai. Hakusema kitu. Hapo ndipo nilipowaacha.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake nilipoamka nikakuta chai. Nilipotoka kuoga, chai. Nikiwa navaa soksi, chai nyingine, na ile ya kwanza bado inatoa moshi. Ilipofika ya tisa ndipo nilipoelewa kwamba ninayekaa naye si Nadira tena. Nilikuwa nahudumiwa na Bi Zamda.

"Mama Safaa, tuongee."

Akainamisha kichwa. Hiyo iko ukurasa wa kumi na tisa.

"Nimekosa nini lakini?"

Akatabasamu kwa mbali, akatazama dirishani. Ukurasa wa hamsini na saba. Naukumbuka vizuri kwa sababu siku nilipouandika nilijipongeza.

"Basi angalau sema umekasirika."

Akachukua kikombe kitupu, akaondoka kwa hatua za staha. Neno staha nimelitumia mara nane kitabuni, na sasa nililiona likitembea sebuleni kwangu likiwa na sinia.

Kwa watu wengine maneno alikuwa nayo tele. Alibishana na jirani kuhusu zamu ya maji mpaka jirani akaomba radhi. Alicheka na dada yake kwenye simu akishika mbavu. Nikichungulia tu mlangoni, kicheko kinakatika na sinia linaonekana.

Chai ya ishirini na sita ilikuja Alhamisi. Aliiweka mezani, akaifunika kwa kisahani, na baada ya hapo hakuleta tena. Kitabu kilikuwa kimeisha. Nilipaswa kushukuru, maana tumbo langu lilikuwa limegeuka birika. Lakini niliogopa. Katika riwaya yangu, baada ya chai ya mwisho Bi Zamda anakufa, na mimi mwandishi sikumpa hata neno la kuaga.

Ijumaa, nikitoka msikitini, Rachael akapiga simu.

"Mwalimu, habari. Ulisoma notes zangu?"

"Nilizisoma. Mimi na wengine."

"Sawa. Sasa sikiza. Jumatatu board inakaa. Kama huyo mama hajaongea, kitabu haitoki. Na usiniwekee tu maneno mbili za jikoni."

"Bi Zamda ni mwanamke wa zamani, Rachael. Wanawake wa zamani walikuwa hawasemi sana."

"Cucu yangu ni wa zamani, na sijawahi maliza sentensi mbele yake."

Nikampa nyanya yake ushindi.

"Ona, uko na wanawake watatu kwa hii kitabu," akaendelea. "Mmoja analeta chai, mmoja analia, mmoja amekufa kabla story ianze. Alafu chapter three, ile ya harusi. Bi Zamda anaulizwa kama amekubali kuolewa. Wewe unaandika, 'Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo.' Mimi nilikwama hapo. Alikuwa anafikiria nini?"

"Hiyo ni desturi yetu," nikamweleza kwa sauti ya darasani. "Walii, yaani mzee anayemwozesha, anamwendea mwari kumuuliza. Mwari akinyamaza kwa haya, inahesabika amekubali. Na sura hiyo sikuibuni. Hiyo ni nikaha yangu mwenyewe, mambo yalikwenda vivyo hivyo."

Nikamsikia Rachael akifunua karatasi.

"Kumbe. Basi mwenyewe ako hapo kwako. Muulize."

"Tunazungumza sana," nikasema. Mungu anisamehe, maana bado nilikuwa na ladha ya chai mdomoni.

Nikarudi nyumbani nikakaa kuandika. Nikamfungua Bi Zamda kinywa. Akasema: "Ewe mume wangu, kwa heshima na taadhima napenda kuichukua fursa hii." Nikafuta. Alikuwa anafungua sherehe ya kutoa zawadi shuleni. Nikajaribu tena. Akasema: "Nimekuwekea maji ya kuoga." Nikafuta. Mara ya tatu nikampa hasira, akamfokea Mzee Sadala kwa maneno yale yale ambayo Mzee Sadala huwafokea watoto. Nikarudi nyuma nikisoma sura moja baada ya nyingine, na nikaona kitu ambacho Rachael alikuwa amekiona mapema. Katika kitabu kizima mlikuwa na sauti moja tu, yangu, ikibadilisha kanzu.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitoe hapa, maana safu hii ni ya kukiri. Nyumbani kwetu msemaji ni mimi. Mgeni akimuuliza Nadira habari ya kazi, namjibu mimi: kazi nzuri, wateja wapo. Akiulizwa kama ameshiba, nasema ameshiba. Alipokuwa na mimba ya Safaa tulikwenda kliniki, nesi akamuuliza anasikia maumivu wapi, nami nikaeleza kwa kirefu mpaka nesi akaniuliza kama mwenye mimba ni mimi. Nilidhani hayo ni mapenzi. Wako wanaume wanaosoma gazeti hili wanaodhani hivyo hivyo, na kwao sasa hivi kuna birika jikoni.

Jumamosi nikaenda Kimbo. Ningependa kuwaambia nilikwenda kuomba msamaha. Sikwenda kwa hilo. Hoja yangu ilikuwa kwamba, kama mke wangu hasemi nami, nitamsikiliza akisema na wengine, niandike anavyosema, nimpe Bi Zamda, na Jumatatu board ya Rachael ikae na nyuso za furaha. Nilibeba kidaftari na kalamu mbili.

Nilikuta duka wazi na mwenyewe hayupo. Madera yalikuwa yametundikwa ukutani, cherehani ina kitambaa cha samawati chini ya sindano, na pembeni kuna ile kona ya kujaribia nguo iliyozibwa kwa pazia la kitenge. Mara nikasikia kicheko mlango wa pili, kwenye duka la vyombo la rafiki yake Magdalene. Kilikuwa kicheko cha Nadira, kile kinachoanzia chini na kupanda. Nyumbani sikuwa nimekisikia mpaka mwisho tangu mswada ufike, na nikijikaza kusema kweli, hata kabla ya hapo kilikuwa adimu. Kikawa kinakuja dukani. Kabla sijafikiri, miguu yangu ilikuwa imeshaniingiza nyuma ya pazia.

Wakaingia wote wawili. Nikasikia Nadira akikaa kwenye cherehani na Magdalene akichomeka pasi.

Mwanzo ilikuwa karamu. Nadira alimwigiza mteja mmoja wa Juja aliyeleta kitambaa cha mtu mwembamba na kudai kimtoshe mtu mnene. "Nikamwambia, mama, mimi ni fundi. Miujiza iko church, ingia hapo mbele." Nikaandika. Akasema kuhusu mwingine anayejipimia mwenyewe nyumbani na kuleta vipimo vya ndoto zake. Nikaandika. Mkono ulikuwa unauma kwa furaha. Mwanamke huyu nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na minane bila kumwandika sentensi moja.

Kisha Magdalene akasema, "Na yule mzee wako wa kitabu? Bado mnanyamaziana?"

"Mimi ndio nanyamaza. Yeye anaongea kama redio."

"Kwani alikuandika nini haswa?"

"Aliniandika nikipika, Magda. Kurasa mia mbili nimepika. Mpaka mahali naugua, bado niko na sinia. Lakini hiyo haikuniuma. Mimi hata napenda chai." Cherehani ikazunguka kidogo, ikasimama. "Ameandika siku ya nikaha yetu. Ati Ami Uthman alikuja kuniuliza, nikanyamaza."

"Si ndio huwa mnafanya?"

"Ndio hufanywa. Mimi sikunyamaza."

Nikaacha kuandika.

"Haiya," Magdalene akasema. "Ulisema nini?"

Mpaka hapo, msomaji, nataka ujue mimi siku ile nilikuwa wapi. Nilikuwa Majengo, hapa hapa Thika, nyumbani kwa kina Nadira, nimekaa juu ya mkeka na joho la kuazima. Baba yake Nadira, Mzee Muzammil, alikuwa amefariki, kwa hiyo walii alikuwa ami yake, Ami Uthman. Alisimama akaelekea chumba cha wanawake, mlangoni kukiwa na pazia jeupe. Kutoka mkekani kwangu hadi pazia lile ni hatua tatu. Aliporudi akasema, "Amenyamaza," na wanaume wakafurahi, na mimi nikafurahi kuliko wote. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi za watu wengine. Ndiyo sura ya tatu ya kitabu changu.

"Ami alisimama mlangoni," Nadira akasema, "akaniambia, mwanangu, tunakuozesha kwa Idarous, umekubali? Nikamwambia, Ami, mwambie aje aniulize mwenyewe. Pazia iko, hataniona. Aulize akiwa upande wake na mimi nijibu nikiwa upande wangu. Chumba nzima ilisikia. Mama yangu alinifinya mpaka leo naona alama."

"Na Ami?"

"Akakohoa mara mbili. Akaenda. Kidogo tu tukasikia wanaume wanaitikia dua, alafu sahani. Nikajua nimeshaolewa."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke na hakuna aliyekuwa anapiga pasi.

"Ngai," Magdalene akasema polepole. "Na huyu mzee hakukuja?"

"Nilidhani aliambiwa, akakataa. Hiyo ndio nimekaa nayo miaka kumi na nane, Magda. Kwamba niliomba kitu kimoja, cha hatua mbili tatu, na mtu akaona ni kazi. Sikumuuliza. Ningeanzia wapi? Alafu juzi nasoma kwa karatasi zake, 'akanyamaza.' Kumbe Ami hakumwambia."

"Basi si ni vizuri? Kumbe hana makosa."

"Ya siku hiyo hana. Lakini hiyo ni siku moja. Hizo zingine zote, nani alimkataza kuuliza?"

Ami Uthman ametangulia mbele ya haki, nilibeba jeneza lake mimi mwenyewe. Hakuna wa kumwuliza kwa nini alikohoa. Pengine aliona haya, pengine aliona biriani inapoa. Lakini Nadira hakuwa anamlaumu Ami Uthman, na nyuma ya pazia lile sikuwa na mtu wa kumsukumia lawama.

Sasa nakiri neno baya kuliko yote ya wiki hii. Nilipotazama kidaftari changu, sentensi ile ya mwisho ya Nadira ilikuwepo, na alama ya kuuliza mwishoni. Kabla moyo haujauma, mkono ulikuwa umeshaandika. Na mwalimu ndani yangu akasema, hii hapa ndiyo sura ya tatu, Rachael atalia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu, na sikuwa mbele ya mtu. Au ndivyo nilivyodhani.

"Magda," Nadira akasema kwa sauti ile ile, "nipitishie mkasi. Na umuulize mwenye viatu vya kahawia, kile kisigino cha kushoto kimeisha, kama ameshajaza daftari."

Nikatazama chini. Pazia la kitenge lilikuwa linaishia juu ya vifundo vyangu.

"Mwalimu," Magdalene akaita, "uko salama huko ndani? Nikuletee chai?"

Wakacheka, wote wawili, mpaka mkasi ukaanguka. Nikajua walikuwa wameniona tangu walipoingia. Maneno yote yale yalikuwa yamekusudiwa mimi. Nikashika pazia nitoke niombe radhi kama mtu mzima.

"Usitoke," Nadira akasema.

Lilikuwa neno la kwanza mke wangu kuniambia tangu bahasha ifunguliwe, na nilitii.

"Pazia iko," akaendelea. "Wewe uko upande wako. Mimi niko upande wangu. Magda ni shahidi."

"Mimi?" Magdalene akasema. "Niko na pasi kwa mkono lakini sawa."

Nikasafisha koo. "Mama Safaa, kwa hakika mambo haya yana historia ndefu, na ukiyatazama kwa undani..."

"Hiyo si swali, Baba Safaa."

Nikaanza upya. "Ninachotaka kusema ni kwamba unajua mimi nakupenda, na wewe pia, tuseme ukweli, umeridhika, sivyo?"

"Hapo umeuliza na ukajibu. Nikusaidie na nini?"

Magdalene akavuta kiti akakaa. Nimewafundisha watoto wa watu kuuliza maswali kwa miaka ishirini, na nilikuwa nimesimama kati ya madera nikitafuta moja. Nikakiweka kidaftari mfukoni. Nilijua kwamba nikiuliza sawasawa anaweza kusema hapana. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye duka lake, aliyesubiri muda wote huo, ana haki ya kusema hapana. Ndiyo maana sikuwa nimewahi kuuliza, na nililijua hilo pale pale nikiwa nimesimama.

"Nadira binti Muzammil," nikasema, na sauti ikatoka ndogo. "Mimi ni Idarous. Unanikubali?"

Akanyamaza.

Ukurasa wa thelathini na nne wa kitabu changu unasema kunyamaza kwa mwanamke ni ndiyo. Nilisimama pale nikisikiliza kimya chake, kila upande, na sikuweza kukisoma. Kilikuwa kimya cha mtu anayefikiri, na mimi sikuwa nimemwachia nafasi ya kufikiri tangu tuoane.

Kisha mkono wake ukapenya pembeni ya pazia, wenye hina iliyofifia kwenye kucha na subana ya fundi kwenye kidole. Kiganja kilikuwa wazi.

"Lete hiyo daftari," akasema. "Na kalamu."

"Sema tu, Mama Safaa. Nasikiliza, wallahi."

"Jibu langu ni refu. Na wewe nikisema, utaiandika vile unataka. Lete."

Nikampa. Nikasikia kiti kikisogea, na kalamu ikaanza kukwaruza. Magdalene aliinuka akaenda kusoma juu ya bega lake, akasema "Woi," kisha akarudi kwenye kiti chake. Nikasubiri. Ndiyo haichukui muda ule. Hata hapana haichukui muda ule. Mguu wangu wa kushoto, ule wa kisigino kilichoisha, ulianza kufa ganzi.

Kisha nikasikia ukurasa ukigeuzwa, na kalamu ikaendelea.